Tamasha la filamu la Wavietnam: kwani muziki unaanza saa ngapi?

Dada yangu yuko California, kaunti ya Orange, anafanya kazi ya kutunza wazee majumbani. Mwaka huu amepangiwa bibi mmoja wa Kivietnam, miaka 80 na kitu, mpole, anapenda chai na hapendi kelele. Juzi binti wa yule bibi akamkabidhi dada tiketi mbili, akamwambia Jumamosi naomba umpeleke mama kwenye tamasha la filamu za kwetu. Basi dada akarusha voisi kwenye grupu la familia: "Jamani nimealikwa tamasha la Wavietnam, nivae nini, halafu muziki unaanza saa ngapi maana bibi wa watu saa mbili usiku ameshalala?"

Grupu likawaka. Mjomba akajibu kwamba hizo ni propaganda za serikali ya kikomunisti, awe makini. Binamu akasema hapana, hiyo ni kama Oscar, utakaa unapiga makofi watu wakipokea vikombe. Shemeji yeye akasema utaangalia vita mwanzo mwisho, helikopta na Rambo. Mdogo wetu wa mwisho ndiye aliyeuliza kitu ambacho kimenifanya nikae niandike haya yote: "Sasa kama ni kwenda kuangalia muvi tu, kwa nini iitwe tamasha, si ni sinema?"

Majibu yote hayo yana ukweli kidogo ndani yake na yote yanapotosha, na nimeona huko mitandaoni watu wengi wamechanganyikiwa vile vile kila ikitajwa filamu ya nchi fulani imeenda tamasha fulani. Mimi filamu za Vietnam nimezifuatilia miaka kadhaa kwa mapenzi tu, kwa hiyo ngoja nijaribu kulifungua hili fundo polepole.

Tuanze na neno lenyewe maana hapo ndipo wengi tunapojikwaa. Sisi tukisikia tamasha akili inaenda kwenye jukwaa, spika kubwa, na msanii anayechelewa kupanda mpaka saa saba usiku. Na hatujakosea sana, maana pale Ngome Kongwe Zanzibar mwezi wa pili watu wanaenda kusikiliza Sauti za Busara ambayo ni muziki mtupu, halafu katikati ya mwaka ndani ya kuta zile zile unakuta skrini kubwa ya ZIFF, Tamasha la Filamu la Kimataifa la Zanzibar, ambalo lipo tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, na hata hiyo ZIFF yenyewe filamu zikiisha usiku muziki unapigwa. Kwa hiyo swali la dada halikuwa la kijinga hata kidogo. Na Wavietnam nao wana mchanganyiko huo huo, wao wanaita liên hoan phim, phim ni filamu, na liên hoan ni ile shughuli ya watu kukutana wakala wakanywa wakafurahi, kama vile mwisho wa mwaka ofisini mnapochangishana mkaenda kula mbuzi pamoja.

Tamasha la filamu maana yake ni hivi: kuna watu wamekaa wakaangalia filamu nyingi zilizotumwa, wakachagua chache, wakazipanga kwa mpango wenye sababu, zikaonyeshwa ndani ya siku chache kwenye mji mmoja, na waliozitengeneza wakaitwa waje wakae ukumbini pamoja na watazamaji. Kuchagua, kupanga na kukutana. Sinema ya kawaida ya mjini haina hayo, yenyewe inaleta filamu inayouza, ikiacha kuuza inatolewa, na aliyeitengeneza hutamuona. Tuzo nazo ni kitu kingine, tuzo ni usiku mmoja wa kutangaza nani kashinda kwa kazi ambazo zimeshaonyeshwa huko nyuma, wakati tamasha watu wanakwenda kuziona zenyewe, nyingi kwa mara ya kwanza, na zawadi zinakuja mwishoni kama zipo, maana yapo matamasha ambayo hayatoi zawadi kabisa. Kwa hiyo binamu aliona mkia wa ng'ombe akadhani ndio ng'ombe.

Mfano ninaoupenda mimi ni Feri. Nenda soko la samaki pale Kivukoni Dar alfajiri, boti zimeingia, samaki wamemwagwa mezani, mnada unapigwa, yupo mwenye hoteli, yupo mama lishe, yupo mchuuzi wa baiskeli, na yupo mtu aliyekuja kushangaa tu. Yule samaki pale hajawa kitoweo bado, pale anatafutiwa wa kumchukua. Filamu nyingi zinaletwa kwenye tamasha hivyo hivyo, mwenye filamu hatajirikii pale, mara nyingi kalipa yeye ada ya kutuma kazi yake, anachotafuta ni aonekane na msambazaji, na mtu wa televisheni, na tamasha lingine la nchi nyingine, na mwandishi atakayeandika. Watu wanaosema wasanii wa matamasha wanakula hela nyingi wanaangalia zulia jekundu, hawaangalii daftari la madeni la muongozaji.

Sasa tukishaelewa hilo, kitu cha kwanza nilichomwambia dada aangalie kwenye ile tiketi sio jina la filamu, ni nani kaandaa. Ukijua nani kaandaa na kwa ajili ya nani, nusu ya mkanganyiko inaisha, kwa sababu tamasha la filamu za Vietnam sio kitu kimoja.

Kuna tamasha la taifa, la filamu za Vietnam peke yake, lilianza Hanoi mwaka 1970 vita ikiwa bado haijaisha, na zawadi yake kubwa ni Bông Sen Vàng, yungiyungi la dhahabu, lile ua linaloota kwenye matope. Hili ni la serikali, na hapo mjomba ana pointi yake, kwa sababu sinema ya Vietnam kaskazini ilizaliwa mikononi mwa serikali, tarehe 15 Machi 1953 kiongozi wao Ho Chi Minh alisaini amri ya kuanzisha shirika la filamu la taifa wakiwa bado porini Viet Bac wanapigana na Wafaransa, na mpaka leo tarehe hiyo ndiyo siku ya sinema nchini kwao. Miaka mingi studio zilikuwa za serikali tu, ikaja 1986 ile sera yao ya mageuzi wanayoiita Đổi Mới, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 kampuni binafsi zikaanza kutengeneza filamu zao.

Halafu kuna ya kimataifa, ambayo yanafanyika Vietnam lakini yanaita dunia. La Hanoi lilianza 2010, mji ukisherehekea miaka 1000, linafanyika kila baada ya miaka miwili ingawa 2020 liliruka kwa sababu ya korona. Da Nang nao wakaanzisha lao la filamu za Asia 2023, na mji wa Ho Chi Minh wakaanza 2024. Miji mitatu inavutana na mimi naona ni kuvutana kuzuri, maana haya yana kitu ambacho mtazamaji wa kawaida hakioni: wakati filamu zinaonyeshwa ukumbini, pembeni kuna chumba ambacho vijana wenye skripti tu wanakaa mezani na maprodyuza wa Korea, Japani, Ufaransa, wanawaelezea wazo lao wapate mtaji. Filamu utakayoiona miaka minne ijayo inaweza ikawa imeanzia kwenye kikombe cha kahawa cha chumba hicho.

Kuna zile wiki za filamu za balozi, zinakuja nchi nyingine na filamu tano sita, kuingia bure, hotuba ya balozi, vitafunwa. Hizi kusema ukweli ni kujitambulisha, ni picha nzuri ya nchi, hutarajii uone filamu inayoilalamikia serikali. Sio vibaya, mgeni akija kwako unafagia uwanja kwanza.

Na kuna ya diaspora, na hapo ndipo dada yangu alipo, kwa hiyo nikae hapo kidogo.

Tarehe 30 Aprili 1975 Saigon, mji mkuu wa Vietnam Kusini ambao leo ndio mji wa Ho Chi Minh, iliangukia kwa jeshi la kaskazini na vita ikaisha. Kwa Hanoi siku hiyo ni sikukuu ya ushindi na kuungana kwa nchi. Kwa familia zilizokuwa upande wa kusini ni siku waliyopoteza nchi, na miaka iliyofuata mamia ya maelfu walikimbia, wengi kwa maboti ya kuvulia samaki, wengine baharini hawakufika. Waliofika Marekani walijazana sana kaunti ya Orange, miji ya Westminster na Garden Grove, pakaitwa Little Saigon. Ukienda leo unaona bendera ya njano yenye mistari mitatu myekundu, bendera ya Vietnam Kusini, nchi ambayo haipo tena. Ile nyekundu yenye nyota ya njano, ambayo ndiyo bendera rasmi ya Vietnam, huko hutaiona, na sio jambo dogo. Mwaka 1999 pale Westminster mwenye duka la kukodisha kanda za video alitundika dukani kwake picha ya Ho Chi Minh na bendera ya Hanoi, watu wakatoka kuandamana nje ya duka, maelfu kwa maelfu, siku zaidi ya 50. Kisa duka la kanda za video.

Miaka minne baadaye tu, 2003, kwenye kaunti hiyo hiyo, chama cha sanaa cha Wavietnam wa Marekani kinachoitwa VAALA kikaanzisha tamasha la filamu ambalo leo linaitwa Viet Film Fest. Fikiria ugumu wake. Wanataka kuonyesha filamu za watoto wa wakimbizi waliozaliwa Marekani, na wa Ufaransa, na wa Australia, na pia filamu za vijana wanaoishi Hanoi na Saigon yenyewe, kwa watazamaji ambao baadhi yao wameapa hawatagusa kitu chochote kilichotoka upande ule. Zawadi yao ni Trống Đồng, ngoma ya shaba, ile ya kale ya zaidi ya miaka 2000 kabla hata hakujawa na kaskazini na kusini ya kugombania, na mimi naiona ni alama iliyochaguliwa kwa akili sana, kwa sababu ngoma ile hakuna anayeweza kusema ni ya upande wake.

Kwa hiyo nilipomjibu mjomba nilimwambia tamasha la kule kwa dada sio la serikali ya Vietnam, limeanzishwa na watu ambao wengi wazazi wao waliikimbia serikali hiyo. Akakaa kimya kidogo halafu akaandika, "basi hizo ni za kuipinga serikali." Nayo sio. Hapa ndipo watu wanapenda kila kitu kiwe na timu mbili kama Simba na Yanga, lakini filamu za Vietnam hazigawanyiki hivyo.

Angalia mambo yalivyochanganyika. Trần Anh Hùng kazaliwa Vietnam, kahamia Ufaransa akiwa mtoto, 1993 akatoa filamu inayoonyesha nyumba ya Saigon ya zamani, papai bichi linakatwa utomvu unadondoka, vyura, sisimizi, jasho la mchana, na yote hiyo ilijengwa studio karibu na Paris, hakuna hata picha moja iliyopigwa Vietnam. Ilichukua zawadi ya filamu ya kwanza ya muongozaji kwenye tamasha la Cannes, Ufaransa, na ikaingia Oscar kwenye kundi la filamu za lugha za kigeni kwa jina la Vietnam, na mpaka leo ndiyo filamu pekee ya Vietnam iliyowahi kufika kwenye wale watano wa mwisho. Sasa hiyo ni filamu ya nani? Wavietnam wenyewe wamebishana sana. Mimi naona inafanana na pilau la mtu aliyeko ughaibuni, mchele sio ule, viungo kavitafuta duka la Wahindi, lakini mkono unakumbuka.

Na zipo zinazoheshimiwa nje zikakwama nyumbani. Mwaka 2019 filamu ya kijana anayekimbiza namba za bahati nasibu kwenye mitaa duni ya Saigon, inaitwa Ròm, ilishinda zawadi kubwa ya waongozaji wapya kwenye tamasha la Busan, Korea, na watengenezaji wakarudi nyumbani wakakuta faini ya dong, hela ya Vietnam, milioni 40 kwa sababu waliituma tamashani kabla ya kupata kibali. Watu wengi walisambaza habari hiyo kwamba filamu imepigwa marufuku, lakini haikuishia hapo, ilikatwa katwa, ikapewa kibali, mwaka 2020 ikaingia kumbini na watu wakajaa. Ila Việt and Nam ya Trương Minh Quý, iliyoonyeshwa Cannes 2024, yenyewe ilizuiwa kabisa nchini kwao. Kwa hiyo ukisikia "imezuiwa" uliza imezuiwa wapi, kwa kosa gani, na mpaka lini.

Tena sio kila kizuizi ni siasa za ndani. Julai 2023 Vietnam ilikataa Barbie isionyeshwe nchini kwa sababu ya ramani, walisema kuna mchoro unaofanana na ile mistari tisa ambayo China inaitumia kudai karibu bahari yote ya Kusini mwa China, ambayo Vietnam nao wanadai sehemu yake na wanaiita Bahari ya Mashariki. Huku kwetu watu walicheka, eti mdoli kazuiwa kwa ramani. Lakini kumbuka sisi na Malawi na Ziwa Nyasa, ramani moja inapitisha mstari katikati ya maji na nyingine inaupitisha ufukweni kwetu, halafu muulize mvuvi wa Mbamba Bay kama mstari kwenye ramani ni kitu cha kuchekesha.

Nirudi kwa shemeji na Rambo wake. Hili ndilo kosa kubwa kuliko yote na wala sio kosa lake, sisi wote tumekua tukiangalia hivyo kwenye vibanda umiza. Lakini Vietnam ile ya Rambo ya pili, ile ya 1985, ilipigwa picha Mexico. Ile misitu maarufu ya filamu za Wamarekani za vita ya Vietnam mingi ni Ufilipino na Thailand, na moja ilipigwa Uingereza, wakapanda miti ya jamii ya mitende ya kuletwa. Yaani tumeangalia Vietnam miaka arobaini na hatujawahi kuiona. Na kwenye filamu zile Mvietnam ni mtu wa kukimbia nyuma ya mti apigwe risasi, hana jina, hana mama. Hata jina la vita ni tofauti, tunayoiita Vita ya Vietnam wao wanaiita vita ya kuwapinga Wamarekani, kwao vita za Vietnam ni nyingi.

Ni kweli wao pia wanatengeneza za vita, na zinapendwa, mwaka 2025 ikiwa miaka 50 tangu vita iishe tamasha la Da Nang lilitenga kipengele kizima kwa ajili yake, na mwaka huo huo filamu ya vita inayoitwa Mưa đỏ, Mvua Nyekundu, iliingiza zaidi ya dong bilioni 700, zaidi ya dola milioni 25, rekodi ya filamu ya Kivietnam. Lakini mwaka mmoja kabla filamu iliyotikisa nchi ilikuwa Mai, ya mwanamke anayefanya kazi ya masaji na maisha yake ya mapenzi na baba mlevi wa kamari. Kuna za ngumi, za mazombi, za vichekesho vya mama mkwe, za mizimu kibao. Kama ungewaambia Wavietnam kwamba filamu zao ni vita tu ni sawa na mtu akuambie filamu za Kiswahili ni uchawi tu.

Na ukitaka kuelewa vita kwa macho yao, kuna filamu moja ya Đặng Nhật Minh ya mwaka 1984, nyeusi na nyeupe, jina lake kwa Kiswahili ni kama Lini Mwezi wa Kumi Utafika. Hakuna mapigano ndani. Mwanamke kijana anaitwa Duyên kasafiri kwenda kumuona mume wake mwanajeshi, kafika akaambiwa ameshafariki. Anarudi kijijini na msiba moyoni, na nyumbani kuna baba mkwe mgonjwa anayesubiri habari za mwanae. Duyên hasemi. Anamuomba mwalimu wa kijiji aandike barua kama zimetoka kwa mume, barua zinafika, mzee anafurahi, na kijiji kinaanza kunong'ona mbona huyu mke wa mtu na mwalimu wana ukaribu. Ndiyo filamu nzima, uongo wa huruma unavyomla mtu. Kuna sehemu Duyên anaingia kwenye soko ambalo siku moja kwa mwaka, mwezi wa saba kwa kalenda yao, waliokufa na walio hai wanakutana, na anamuona mume wake pale, na hawawezi kugusana. Mimi nilizima simu baada ya hapo nikakaa tu.

Sasa haya mambo ya kubadilishana tamaduni, maana mabango yote ya matamasha yanaandika hivyo na watu wanadhani ni lile vazi refu la áo dài, ngoma na hotuba. Kubadilishana ni wewe kutoa na wewe kupokea. Korea wanamiliki kumbi nyingi za sinema Vietnam, mtandao mkubwa kuliko yote wa CGV ni wa Wakorea, na hadithi za Korea zimetengenezwa upya kwa Kivietnam zikapendwa, kama ile ya 2015 ya bibi anayegeuka binti wa miaka 20. Tamasha ndipo mahali mzani unaweza kusawazika kidogo, Mvietnam naye akae Busan aonyeshe ya kwake, Mkorea asome maandishi ya chini.

Na sisi je? Watu wanasema Vietnam ni mbali, hatuna uhusiano. Una uhakika? Laini ya Halotel mfukoni mwako ni ya Viettel, kampuni ya Vietnam, na ndugu zetu Burundi wana Lumitel ya hao hao. Korosho ghafi za Mtwara na Lindi nyingi zinapanda meli kwenda kubanguliwa Vietnam. Yaani sauti zetu zinapita kwao na korosho zetu zinapita mikononi mwao, ila nyuso za hao watu hatuzijui, na hapo ndipo filamu inapoingia.

Halafu kuna mambo tunafanana mpaka unashangaa. Vietnam filamu za nje kwenye televisheni miaka mingi zimekuwa zikisomwa na sauti ya mtu mmoja, mwanaume, mwanamke, mtoto, wote anawasemea yeye juu ya sauti ya asili, wanaita thuyết minh. Si ndio marehemu Lufufu huyo? Si ndio DJ Afro wa Kenya? Bila shaka wa kwetu wanaongeza chumvi na wa kwao wanasoma kwa utulivu, lakini mtu aliyekua na Lufufu akiingia sebule ya Hanoi hatashtuka.

Kubwa zaidi ni lugha. Mvietnam akiongea karibu hana "mimi" na "wewe" za kawaida, anatumia undugu. Mkubwa wa baba yako ni bác, mdogo wake baba ni chú, kaka wa mama ni cậu, mdogo wa kike wa mama ni dì. Umeona? Baba mkubwa, baba mdogo, mjomba, mama mdogo. Na wanaita hivyo hata watu baki barabarani, kama sisi. Mke anamwita mume anh, yaani kaka, na mwenyewe anajiita em, mdogo. Siku wamegombana anaacha hayo anasema tôi, "mimi" kavu, na ukumbi mzima wa Wavietnam unapumua kwa nguvu kwa sababu neno hilo moja ni mlango umefungwa. Maandishi ya Kiingereza pale yanaandika tu "I" na "you" kama mwanzo, mgeni anaona hakuna kilichotokea. Kwa Kiswahili tungeweza kulionyesha, maana sisi tunamjua mke aliyezoea kukuita baba Asha halafu ghafla anakuita jina lako la kwenye kitambulisho. Natamani siku moja mtu akae atie maandishi ya Kiswahili kwenye filamu hizi moja kwa moja kutoka Kivietnam, bila kupitia Kiingereza, tungepata vitu ambavyo Waingereza hawavipati.

Nilimtumia dada haya yote kwa voisi ndefu, akanijibu amechoka, amesikiliza nusu. Nikamwambia basi chukua mawili tu. Vaa nguo ya kawaida ila beba sweta, kumbi zina baridi. Na filamu ikiisha usiondoke, taa zikiwaka muongozaji atapanda mbele watu watamuuliza maswali, pale ndipo utaona wazee wanasimama wanaongea dakika kumi bila kuuliza swali lolote, wanasimulia ya kwao, na hakuna anayewakatisha.

Kabla ya Jumamosi kufika akataka kumzoesha bibi, akamuwekea kwenye tableti ile filamu ya Duyên. Aliogopa, maana ilitengenezwa na studio ya Hanoi na bibi yule picha ya mume wake aliyevaa sare za jeshi la kusini iko ukutani. Bibi mwanzoni aligeuza uso dirishani. Dada hakujua kwamba bibi ni mzaliwa wa kaskazini, familia yao ilikuwa kwenye lile kundi la 1954 lililohama kwenda kusini nchi ilipogawanywa, yeye akiwa msichana mdogo, na hajarudi tangu hapo.

Kwenye filamu kuna sehemu Duyên anaigiza chèo, ule mchezo wa jukwaani wa kuimba wa vijiji vya kaskazini, anacheza mke anayemuaga mume anayekwenda vitani, na katikati ya wimbo yanamshinda, anashuka jukwaani anakimbia. Dada alinitumia voisi ya sekunde arobaini ya pale. Sauti ya tableti inasikika kwa mbali, halafu inanyamaza, na bibi anaendelea na wimbo peke yake.

Kwa hiyo ndiyo dada, muziki upo.